Bi. Boke Nikolaus na Mbeleko ya Trekta

Imeandikwa na Selestine wa Idara ya Usafirishaji, kwa niaba ya wafanyakazi wote

Bi. Boke Nikolaus, Mfungaji Mkuu wa Mizigo katika Kituo cha Zana za Kilimo Nyansurura, anastaafu Jumatatu tarehe 30 Juni baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Katika muda huo wote amefunga matrekta juu ya tela na kuyapeleka kila pembe ya Tarime na Serengeti, na hakuna hata moja lililoanguka. Sentensi hiyo ndiyo wasifu wenyewe, na mwandishi angeweza kuishia hapo akaenda kula pilau. Lakini kamati ya sherehe imeomba kurasa kadhaa, na kamati ya sherehe haibishiwi.

Kwa mgeni asiyeijua kazi hii, maelezo mafupi. Trekta likinunuliwa mbali au likiharibika mbali, halitembezwi barabarani safari yote hiyo. Hupandishwa kwenye tela likavutwa na lori. Watu wengi hudhani kwa uzito wake litatulia lenyewe kama jiwe la kusagia. Wapi! Uzito huohuo ndio mkorofi. Lori likifunga breki ghafla, trekta lisilofungwa huendelea na safari peke yake, wala halichagui wa kumkanyaga. Kazi ya mfungaji ni kulishika kwa minyororo ili lori, tela na trekta viwe kitu kimoja mpaka mwisho wa safari.

Aliajiriwa mwaka 1994 kama mtunza stoo. Kazi yake ilikuwa kutunza minyororo, kabari na jeki, na kuwanyima matingo vitu ambavyo hawakuwa na sababu ya kuvitaka. Wakati huo habari za dhahabu ya Nyakunguru zilikuwa zimewapanda vijana kichwani. Utingo wetu alitoka kwenda kunywa chai akaishia mashimoni. Meneja wa enzi hizo aliuliza nani anaweza kufunga trekta kwa wiki moja tu, hadi utingo arudi. Bi. Boke akasema yeye amefunga mizigo ya punda tangu utotoni, na punda ana akili ya kuangusha mzigo makusudi, sembuse trekta ambalo halina akili yoyote. Akakabidhiwa kazi. Utingo hajarudi mpaka leo, na huko aliko tunamtakia heri.

Haitakuwa haki kuficha kwamba safari yake ya kwanza ilikuwa aibu. Bi. Boke ni binti wa wafugaji, na mfugaji anajua jambo moja: mnyama hushikwa kichwani. Ukishapata pembe, mwili mzima umeupata. Basi akatafuta pembe za trekta, akaona zile fimbo za chuma za usukani zinazounganisha magurudumu ya mbele, akazizungushia mnyororo na kukaza kwa moyo wake wote. Trekta lilifika Mugumu bila kuanguka, hilo hata mwenye mali alikiri. Ila gurudumu moja la mbele lilikuwa linatazama Musoma na jingine linatazama Arusha. Fundi alikaa chini akacheka kwanza kabla ya kushika spana.

Bi. Honoratha, injinia wetu aliyetoka Moshi, ambaye sasa ndiye meneja, ndiye aliyemweleza kwamba trekta halina kichwa, lina kiuno tu. Likamatwe kwenye ekseli na kwenye chesisi. Mbele liwe na minyororo yake na nyuma liwe na yake, na kila mnyororo uvute upande wake kuelekea chini, ili trekta likitaka kwenda huku, mnyororo wa kule ulirudishe. Wawili hao walishinda uwanjani wakipandisha na kushusha trekta lilelile mpaka dereva akaomba ruhusa ya kwenda kanisani, na haikuwa Jumapili. Tangu siku hiyo ni marafiki wa kufa na kuzikana. Mpaka leo Bi. Boke akifundisha husema “kiuno, kiuno,” na wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo hucheka wakidhani ni mzaha. Huacha kucheka anapowaamuru wainame waingie chini ya tela waone kiuno chenyewe.

Utaratibu wake haujabadilika. Trekta likae katikati ya tela, si nyuma na si pembeni. Injini izimwe, gia iingizwe, breki ya mkono ivutwe, jembe lishushwe lilale juu ya sakafu ya tela. Kabari ziwekwe mbele na nyuma ya matairi. Ndipo minyororo ifuate, na ikishakazwa huugonga kila mmoja kwa spana na kuutegea sikio. Uliolegea hulia kama sufuria. Uliokaza hulia kama kengele ya kanisa, na hapo ndipo Bi. Boke huketi kitini akafungua mfuko wake wa karanga.

Lakini hata hapo hajamaliza. Kabla lori halijaenda mbali, lazima lisimame kwenye mashine ya kusaga iliyo kando ya barabara, yeye ashuke akakaze tena. Sababu ni kwamba safari ikianza matairi ya trekta hukaa vizuri, na yakikaa, minyororo hulegea. Madereva wote wamelalamikia kituo hicho. Danford, dereva wetu mkongwe, alipokuwa bado mgeni aliwahi kukipita makusudi. Bi. Boke hakugomba. Lori lilipopunguza mwendo kwenye tuta alishuka, akasimama barabarani, akamwacha aende. Danford alifika mbele akakuta ng'ombe wa kijiji kizima wamelala njiani, na ng'ombe wa huku hawajui honi. Akiwa bado anawabembeleza, pikipiki ikaja, Bi. Boke akashuka, akakaza minyororo yake, akapanda kitini, akasema, “Sasa twende, mura,” yaani kijana. Danford anasema aliona aibu mpaka Ikoma.

Huko Ikoma nako ana historia. Kijiji kimoja kilinunua trekta, na mwenyekiti wake akaja kulipokea akiwa na suti. Likiwa juu ya tela, limefungwa tayari, alipanda akakaa kwenye kiti cha trekta ili aingie kijijini akipungia watu mkono. Bi. Boke alimweleza kwa heshima zote kwamba juu ya mzigo hapandi mtu. Mwenyekiti akasema yeye si mtu, yeye ni mwenyekiti. Bi. Boke akarudi kwenye kiti chake ndani ya lori, akafungua karanga, akaanza kula moja moja. Danford, ambaye alikwisha kupata elimu ya ng'ombe, hakugusa hata ufunguo. Jua lilikuwa kali na ile suti ilikuwa nzito. Karanga hazikuisha kabla mwenyekiti hajashuka.

Habari inayojulikana zaidi ni ya trekta la Mzee Magige, na kwa kuwa inasimuliwa vibaya kwenye vijiwe vya bodaboda, tunaiweka hapa ilivyokuwa. Mzee Magige ni baba mkwe wa Bi. Boke, baba wa marehemu mumewe, Joel. Boma lake liko ng'ambo ya Nyakunguru, chini ya mteremko mkali. Mwaka 2009 mzee alipunguza ng'ombe wake akanunua trekta, la kwanza katika ukoo. Lilikuwa limetumika na halikuwa na betri. Fundi angeileta kesho yake. Kwa hiyo lilivutwa kwa winchi mpaka juu ya tela, na aliyelifunga alikuwa mkamwana wake, kwa kuwa ndiye mfungaji.

Wasiotoka huku waelewe jambo moja. Katika boma lile mkamwana hambishii baba mkwe. Hamwiti jina, hamtazami usoni, na neno lake halipandi juu ya neno la mzee. Akithubutu mbele ya watu, hurudishwa kwao akatafute wa kumwombea msamaha, na wapo waliorudishwa wasionekane tena. Bi. Boke alikuwa na watoto wake, nyumba yake na shamba lake humohumo.

Lori lilipofika njia panda, juu ya mteremko, lilikuta umati. Rika zima la Mzee Magige lilikuwa limekuja kulipokea trekta. Kina mama wanapiga vigelegele, vijana wanaruka, watoto wamejaa njiani mbele ya lori. Mzee akainua fimbo, watu wakanyamaza. Akatamka kwamba minyororo ifunguliwe palepale. Mali yake, alisema, haiingii bomani imefungwa. Ng'ombe wa halali huingia kwa miguu yake. Anayeletwa amefungwa kamba ni ng'ombe wa wizi, na yeye katika maisha yake hajaiba hata kuku. Wenzake wakaitikia kwamba mzee amesema.

Danford alijaribu kueleza habari za mteremko, akaambiwa yeye aendeshe lori lake. Joel, ambaye wakati huo alikuwa hai, akamnong'oneza mkewe afungue tu, ni kipande kidogo kimebaki. Na kipande hicho ndicho kilichokuwa na mteremko wote, na mfereji uliochimbwa na mvua katikati ya njia, na watoto mbele, wakiwamo wa kwake. Akifungua, trekta linaweza kuwashukia. Akikataa, amembishia baba mkwe mbele ya rika lake, na kesho yake huenda asiwe na kwake. Bi. Boke mwenyewe hafichi. Anasema aliogopa, na aliogopa sana.

Akapanda juu ya tela. Watu wakadhani anakwenda kufungua. Akageuza uso upande wa pili, asimtazame mzee, kama heshima inavyotaka. Akaweka kiganja kwenye tairi kubwa la nyuma, akaanza kuongea na trekta, kwa Kikurya, kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa umati.

“Trekta, mimi siwezi kumjibu mwenye boma, na sitamjibu. Ninasema na wewe. Umekuja kwa watu wema, wala hukuibwa. Ng'ombe wa wizi hufungwa kwa sababu anataka kurudi kwao. Wewe umebebwa mgongoni. Niambie wewe, ni mama gani wa hapa aliyempeleka mtoto mchanga kwa babu yake bila mbeleko, eti kwa kumheshimu babu? Mtoto akianguka, babu atampokea nani?”

Walioanza kucheka ni kina mama. Mmoja akapiga kigelegele, wengine wakafuata. Mzee Magige hakucheka. Alikuwa hajajibiwa na mtu, kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumkasirikia. Akasogea mpaka kwenye tela, naye akasema na trekta. “Trekta, huyo aliyekubeba ana mdomo. Haya, ingia na mbeleko yako.” Akageuka akatangulia kushuka, na rika lake nyuma yake.

Msomaji sasa anangoja kusikia kwamba mteremkoni tela lilipinda, trekta likaning'inia, minyororo ikaokoa roho za watu. Pole. Halikutokea lolote. Lori lilishuka polepole, likavuka mfereji, likaingia bomani, watu wakala nyama. Ndivyo kazi hii ilivyo: ukiifanya sawasawa hakuna kinachotokea, na asiyekubali ataendelea kusema minyororo haikuwa na maana. Mzee Magige aliendelea kusema hivyo mwaka baada ya mwaka. Lakini aliliambia trekta, na aliliambia wakati mkamwana wake yuko karibu.

Huo ukawa utaratibu wao. Mambo ambayo zamani yangepitia kwa Joel au kwa mtoto, sasa yalipitia kwenye trekta. Mzee angesimama upande mmoja, kwa mfano, akasema, “Trekta, mtu akipita hapa mwambie ng'ombe mwekundu amezaa.” Bi. Boke, upande wa pili, naye akasema, “Trekta, mwenye boma akiuliza, dawa yake ya kifua nimemwachia Naomi.” Naomi ni binti yake mkubwa, na anasema walipokuwa wadogo walidhani kila nyumba yenye trekta huishi hivyo.

Joel alifariki mwaka 2016. Baada ya maziko ukoo ulikaa kikao, na wapo waliosema mjane anafanya kazi mbali, analala safarini na madereva, basi arudi kwao na nyumba apewe mwingine. Mjane hakuwa na ruhusa ya kusema. Sisi tuliokwenda msibani tulikuwa tumekaa pembeni, na tulisikia kila neno. Mzee Magige aliwaacha wamalize. Kisha akainuka kwa shida, akawapita wote, akaenda mpaka lilipoegeshwa trekta, akaweka kiganja kwenye tairi.

“Trekta,” akasema, “wewe uliingia humu na mbeleko ya mama Naomi, na mpaka leo hujaanguka. Basi na yeye yumo humu kwa mbeleko yangu. Anayetaka kumfungua aje aanze na mimi.”

Hakuna aliyekwenda kuanza naye. Bi. Boke alilia siku ile, na sisi tulilia, Danford zaidi ya wote, wala hatuoni sababu ya kuficha. Wiki iliyofuata alirudi kazini, akafunga trekta la Nyansurura kwenda Tarime, na lori likasimama kwenye mashine ya kusaga kama kawaida.

Kuhusu mafanikio mengine, yasemwe kwa kifupi. Amefundisha wafungaji wanaofanya kazi leo katika wilaya zote mbili. Bila kelele yoyote, amefanya kituo hiki kiwe mahali ambapo mtu akisema “nimefunga” haulizwi mara ya pili. Nafasi yake inachukuliwa na Bi. Shani, aliyekuja kwetu kutoka Tabora na ambaye mwanzoni alikuwa akikaza minyororo kwa upole, asiiumize. Upole huo umekwisha. Shani sasa naye ana mfuko wa karanga.

Bi. Boke anarudi bomani kulima. Anasema atafuga kuku, kwa sababu kuku hawafungwi kwa minyororo. Tumemkubalia hilo, ingawa tunamfahamu, na tunawaonea huruma kuku.

Mwisho ni taarifa kwa wageni wa Jumatatu. Mtaona uwanjani, karibu na meza kuu, lori limesimama na tela lenye trekta kuukuu lililopauka rangi. Si pambo. Injini yake imekufa na halilimi tena. Linakuja kwa agizo la Mzee Magige, ambaye sasa miguu haimbebi vizuri na ataletwa kwa gari. Shani ndiye atakayelifunga. Bi. Boke amekatazwa kukagua, na tunajua atakagua. Mzee ameagiza pia kwamba lisifunguliwe njiani, wala getini petu, ingawa pale ni tambarare. Liliingia kwake na mbeleko, litoke nayo.

Kiti cha mzee kitawekwa upande mmoja wa trekta, na cha Bi. Boke upande wa pili. Tulimuuliza mzee atasema nini, ili tuandike kwenye ratiba, akajibu kwamba hayatuhusu, ni ya trekta. Kwa hiyo zamu yake ikifika tunaomba muziki uzimwe, na mtu asipite katikati.

Sisi wengine tutasema yetu kwa kipaza sauti, lakini tunayaandika hapa mapema kwa kuwa huenda sauti zikatukauka. Bi. Boke, asante. Umetufikisha salama, sisi na mizigo yetu. Maisha ya kustaafu yakupokee vizuri, mama, na yakukute na afya.